Meneja Awe Mfanyakazi wa Bendi, Asiwe Tajiri Wake



Mwezi uliopita vijana watatu walikuja katika ofisi ya tawi letu hapa Kampala wakiwa na mkataba wa kurasa mbili. Bendi yao ina watu wanane. Kwa miaka miwili wamepiga muziki katika harusi na katika baa za mitaani, na sasa wameanza kujulikana. Bwana mmoja amewaambia kwamba yuko tayari kuwa meneja wao. Atawanunulia vyombo vipya, atawatafutia kazi katika mahoteli, na atawalipia studio. Wao wanatakiwa kutia sahihi tu. Swali lao kwetu lilikuwa fupi: je, tutie sahihi au tusitie?

Tuliusoma mkataba ule kwa makini. Unasema kwamba vyombo vyote ni mali ya meneja. Jina la bendi ni mali ya meneja. Nyimbo zote zitakazotungwa kwa muda wa miaka mitano ni mali ya meneja. Meneja atachukua asilimia 40 ya mapato, kabla gharama hazijatolewa, na ana haki ya kumwondoa mpigaji yeyote wakati wowote. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba wapigaji wanaweza kumwondoa meneja.

Hapo ofisini pakazuka ubishi. Wenzetu wengine walisema: "Tazameni! Ndiyo maana sisi husema bendi haihitaji meneja. Meneja ni mnyonyaji." Wengine wakajibu: "Na ninyi mliokaa bila meneja mmepata nini? Mnapiga mpaka alfajiri, kisha mnarudi nyumbani kwa miguu." Sisi tunaoandika makala haya tumeonja pande zote mbili, na tunaomba nafasi ya kutoa maoni yetu. Kwa ufupi ni haya: bendi inayoishi kwa muziki inahitaji mtu wa kuiendesha, lakini mtu huyo sharti awe mfanyakazi wa bendi. Akigeuka kuwa tajiri wa bendi, huyo si meneja tena, hata akijiita hivyo.

KAZI IPO, TUTAKE TUSITAKE

Tuanze na wale wasemao kwamba meneja hana kazi. Watazamaji wa dansi huona saa tano za muziki. Hawaoni siku sita zilizotangulia. Lazima mtu azungumze na mwenye ukumbi juu ya bei. Lazima mtu aandike mkataba, apokee malipo ya awali, akodishe gari, aulize kama umeme upo au jenereta itahitajika, na nani atanunua mafuta yake. Lazima mtu asimame mlangoni kuhesabu tiketi. Lazima mtu aweke daftari la fedha, aandikishe tungo ili mirabaha ipatikane, na awasuluhishe wapigaji wanapogombana. Kazi hizi zipo katika kila bendi, iwe na meneja au isiwe naye. Asipopewa mtu, zitafanywa ovyo, au hazitafanywa kabisa.

Tunasema hivi kwa sababu yalitupata. Bendi yetu ya kwanza haikuwa na meneja, nasi tulijivunia jambo hilo. Tulikuwa kama ndugu. Mwimbaji wetu, kwa kuwa alikuwa msemaji, ndiye aliyekuwa akienda kupatana na wenye kumbi. Mwaka mmoja tulipewa kazi ya usiku nne, kuanzia Krismasi hadi Mwaka Mpya. Bei ilikubaliwa kwa mdomo, wakapeana mikono, na sisi tukaenda kukopa madukani kwa kutegemea fedha hizo.

Usiku wa mwisho ulipokwisha, mwenye ukumbi alileta orodha ya makato. Mafuta ya jenereta. Chakula. Bia walizokunywa watu waliosema wako pamoja na bendi. Meza iliyovunjika. Tulipohesabu kilichobaki, kila mmoja wetu alipata nauli na akiba ya kununua sukari. Tungemshtaki kwa ushahidi gani? Hatukuwa na hata mstari mmoja ulioandikwa. Mpiga besi wetu alikuwa anadaiwa kodi ya nyumba ya miezi mitatu, na wiki ile ile vitu vyake viliwekwa nje.

Lakini ubaya mkubwa ulifuata baadaye. Tulianza kumtuhumu mwimbaji wetu kwamba amekula fedha na mwenye ukumbi. Hakuwa amekula kitu. Alikuwa mwimbaji mzuri aliyepewa kazi asiyoijua, usiku ule ule ambao alitakiwa kuimba. Bendi ikavunjika kabla ya Pasaka. Ilivunjwa na hesabu, kwa maana upigaji wetu haukuwa na kasoro.

PANDE LA PILI LA SARAFU

Baadhi yetu tulihamia bendi nyingine ambayo ilikuwa na meneja. Vyombo vyote vilikuwa vyake: magitaa, drams, tumba, spika na vikuza sauti. Hatutaki kumsingizia. Mwanzoni alikuwa mtu wa maana. Alilipa kila Jumatatu, alitushonea sare, na mtoto wa mmoja wetu alipougua alitoa gari lake usiku wa manane kumpeleka hospitali. Kwa miaka miwili hatukumwuliza chochote.

Mwaka wa tatu kumbi zilikuwa zinajaa kuliko zamani, na malipo yetu yalikuwa yale yale. Tukamwomba kwa heshima atuonyeshe daftari. Alicheka, akasema tutazungumza. Ijumaa iliyofuata tulikuta stoo ya vyombo imefungwa kwa kufuli jipya. Wiki ya pili vijana wengine walikuwa jukwaani, wanatumia jina letu na wanapiga nyimbo zetu. Tulikwenda kwa mwanasheria. Alituuliza mambo matatu: vyombo ni vya nani, jina limeandikishwa na nani, na nyimbo ziko katika miliki ya nani? Tulipomjibu, alitikisa kichwa. Yule bwana hakutuibia kitu chochote. Kila kitu kilikuwa chake tangu mwanzo, isipokuwa jasho.

WALIYOPITIA MAJIRANI ZETU

Mambo haya hayakuanza kwetu. Majirani zetu wa Tanzania waliyapitia kwa mapana zaidi, na kwa namna inayokihusu chama cha wafanyakazi moja kwa moja. Mwaka 1964, chama cha wafanyakazi cha nchi hiyo, NUTA, kilianzisha bendi yake, NUTA Jazz. Wapigaji waliajiriwa na kulipwa mshahara, jambo ambalo wanamuziki wengi wa Afrika Mashariki walikuwa wanaliota tu. Chama kilipogeuka kuwa JUWATA, bendi ikawa JUWATA Jazz. Ilipokuja OTTU, ikawa OTTU Jazz. Leo watu wanaijua kama Msondo Ngoma, jina lililotokana na mtindo wao wenyewe. Yafaa tulifikirie jambo hili. Majina ya mwenye mali yalibadilika mara kwa mara, lakini lile lililotoka kwa wapigaji na wapenzi wao ndilo lililodumu.

Hata hivyo, mshahara wa chama haukuwazuia watu kuhama. Mwaka 1978 mwimbaji Muhidin Gurumo aliondoka huko na kujiunga na bendi mpya ya Mlimani Park, iliyokuwa chini ya kampuni ya usafiri na teksi. Mwaka 1983 bendi hiyo ikaingia mikononi mwa shirika la DDC. Mwaka 1985 mfanyabiashara mwenye bendi ya Orchestra Safari Sound akawavuta wanamuziki sita wa Mlimani Park, Gurumo akiwa miongoni mwao. Hatuwalaumu waliohama. Mfanyakazi ana haki ya kufuata malipo bora. Lakini tazameni mwendo wenyewe: chama, kampuni, shirika, mfanyabiashara. Kila walipokwenda, vyombo vilikuwa vya mtu mwingine.

Bendi ya Maquis, ya wanamuziki waliotoka Zaire na kufanya makao Dar es Salaam, ilijaribu njia tofauti. Wao waliunda kampuni yao, OMACO, ili wapigaji wawe na sehemu katika bendi yao. Na hapa kwetu Kampala, Afrigo Band iliundwa mwaka 1975, na mpiga saksofoni Moses Matovu, mmoja wa waanzilishi wake, ameiongoza kwa miaka mingi. Bendi hiyo imetimiza nusu karne. Basi asije mtu akatuambia kwamba wapiga muziki hawawezi kujiongoza.

Ng'ambo nako kuna mafunzo. Brian Epstein alikuwa muuza sahani za muziki mjini Liverpool alipowachukua Beatles. Mkataba wao wa kwanza ni wa Januari 1962. Aliipenda bendi ile kwa moyo wake wote na akahangaika mpaka ikapata kampuni ya kurekodi. Lakini ulipofika wakati wa kuuza wanasesere, mawigi na vitu vingine vyenye jina la Beatles, wakala wake walikubali watu wengine wachukue asilimia 90, nao wabakiwe na 10. Alikuwa mwaminifu, ila biashara ile hakuijua. Alipofariki mwaka 1967, bendi ilikosa mtu wa kuwaweka pamoja, na mwaka 1970 ikasambaratika.

Mwenzake wa Marekani, Tom Parker, meneja wa Elvis Presley, biashara aliijua sana. Kutoka asilimia 25 alifika 50. Mwaka 1973 haki za mirabaha ya sahani za nyuma ziliuzwa kwa kampuni ya RCA kwa dola milioni 5.4, nazo wakagawana nusu kwa nusu. Elvis alifariki mwaka 1977, na tangu hapo sahani zile ziliendelea kuuzwa bila warithi wake kupata haki hizo. Mwaka 1981 mahakama ya Memphis iliamuru usimamizi wa mirathi ukate uhusiano na Parker na umshtaki. Ikiwa mwimbaji mkubwa kama yule alinyolewa bila maji, kijana wa gitaa wa Kampala ajilinde vipi?

MENEJA MWEMA NI YUPI?

Kutokana na hayo tunaona kwamba upendo peke yake hautoshi, wala ujanja peke yake hautoshi. Meneja mwema, kwa maoni yetu, anatambulika kwa mambo haya.

Kwanza, anaonyesha daftari bila kuulizwa. Kila Jumatatu kitabu kiwe mezani: kilichoingia mlangoni, kilichotoka, na risiti zake. Siku hizi fedha nyingi hupita katika simu. Basi simu inayopokea fedha za bendi iwe imeandikishwa kwa ajili ya bendi, isiwe ya meneja binafsi, na watu wawili wawe wanajua salio lake.

Pili, anajua kusema "hapana" kwa niaba yetu. Mpiga muziki akipewa kazi hufurahi na kukubali bei yoyote. Meneja anapaswa kuwa mtu anayeweza kumwambia mwenye ukumbi kwamba bila nusu ya malipo mkononi, vyombo havishuki garini.

Tatu, haingilii kazi ya jukwaani. Nani apige solo na wimbo gani ufuate ni shauri la kiongozi wa bendi. Tumeona mameneja wanaopenda kushika maikrofoni kuliko kushika kalamu. Hao wafundishwe kuimba, kisha atafutwe meneja.

Nne, haendeshi bendi kwa kuwagawa watu. Meneja mbaya humwita mwimbaji kando na kumwongezea kidogo kwa siri. Siku wapigaji watakapodai haki, mwimbaji atanyamaza. Mbinu hii tunaijua kutoka viwandani na mashambani, na dawa yake ni ile ile: kila mtu ajue mwenzake analipwa nini.

Tano, na hili ndilo kubwa, anaweza kuachishwa. Mtu ambaye hamwezi kumwachisha kazi hakuajiriwa na ninyi. Ninyi ndio mmeajiriwa naye.

HESABU YA MLANGONI

Jambo moja linawapoteza wengi, nalo ni asilimia. Vijana huuliza "asilimia ngapi?" na kusahau kuuliza "ya nini?" Tutoe mfano. Bendi ya watu wanane imepata shilingi 3,000,000. Gharama za gari, mafuta na kukodisha spika ni shilingi 1,200,000. Meneja akichukua asilimia 20 ya mapato yote, anapata 600,000, na kila mpigaji anapata 150,000. Akichukua asilimia 20 baada ya gharama, anapata 360,000, na kila mpigaji anapata 180,000.

Sasa tazameni usiku wa mvua. Mlangoni zimepatikana 1,300,000 tu, na gharama ni zile zile. Meneja wa asilimia 20 ya mapato yote anadai 260,000, wakati fedha iliyobaki ni 100,000. Wapigaji wamefanya kazi usiku kucha, na asubuhi wanadaiwa 160,000! Deni hilo huandikwa katika daftari, linakua, na mwishowe linakuwa mnyororo. Kwa hiyo sehemu ya meneja itolewe baada ya gharama. Mvua ikinyesha, naye alowe pamoja nasi.

Juu ya hayo, muda wa mkataba uwe mfupi. Mwaka mmoja unatosha kujuana. Jina la bendi liandikishwe kwa majina ya wapigaji. Utunzi ubaki kwa mtunzi. Hapa Uganda tuna sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006, na tungo zinaweza kuandikishwa katika ofisi ya usajili ya serikali, kwa hiyo hatuna udhuru wa kulala. Na kama meneja ananunua vyombo, basi vihesabiwe kuwa mkopo: bei iandikwe, bendi ikatwe kidogo kidogo, na siku deni litakapokwisha vyombo viwe vya bendi. Mtu akikataa jambo hili, amekwisha sema shabaha yake.

Je, kila bendi itafute meneja kesho? Hapana. Kikundi cha watu wanne kinachopiga harusi mbili kwa mwezi hakina haja ya kumlipa mtu wa nje. Kichague katibu wa kuandika mikataba na mweka hazina wa kutunza daftari, na wawili hao wasiwe mtu mmoja. Lakini kazi ikizidi, wapigaji wakiwa hawana nafasi ya kufanya mazoezi kwa ajili ya kukimbizana na wenye kumbi, hapo ndipo wakati wa kuajiri umefika. Tunasisitiza neno hilo: kuajiri.

Wenzetu wengine watasema kwamba masharti haya yatawafukuza wenye fedha. Tunakiri kwamba hofu hiyo ina ukweli. Vyombo ni ghali, na kijana asiye na gitaa hawezi kula katiba ya chama. Yuko atakayetia sahihi mkataba mbovu akijua ni mbovu, kwa kuwa nyumbani hakuna unga. Hatumcheki mtu huyo, kwa maana sisi tulikuwa yeye. Ndiyo sababu tunatoa rai kwamba chama kisiishie katika kutoa mawaidha. Tawi lianzishe mfuko wa vyombo, hata kwa seti moja ya spika ambayo bendi za wanachama zitakodi kwa bei nafuu. Kadhalika, iandikwe karatasi moja ya mkataba wa mfano kwa lugha nyepesi, ili mwanachama aende kwa mwenye fedha akiwa na karatasi yake mkononi, badala ya kungoja aletewe.

Tumalizie kwa wale vijana watatu. Tuliwashauri wasitie sahihi na wasimtukane yule bwana. Wamrudie na mambo matatu: sehemu yake itoke baada ya gharama, vyombo viwe mkopo, na bendi iwe na haki ya kumwachisha kwa taarifa ya miezi mitatu. Walikwenda. Hadi tunapoandika haya, bwana yule amekubali la kwanza, na la pili anasema atalifikiria. La tatu amelikataa katakata.

Wenzao watano wamechoka kungoja na wanataka kutia sahihi. Jumamosi hii bendi itapiga kura. Tunawatakia subira, na kwa wanachama wengine wote tunasema: mkataba wowote utakaowekwa mbele yenu, uleteni ofisini kabla kalamu haijagusa karatasi. Ukiletwa baadaye, tutaweza kuwapa pole tu.